Umependekezwa au Umeteuliwa? Kisa cha Barua Moja na Vitenzi Vitatu

Kijana alinijia baada ya sala ya alasiri, akanikuta nimekaa barazani kwetu hapa Langoni, Lamu. Alikuwa na karatasi mbili mkononi. Akanipa salamu, akakaa, akasema, "Ami, nisomee hizi. Nimepata ama sijapata?"

Ilikuwa barua moja katika lugha mbili. Ya Kiswahili ilimwambia kwamba "umeteuliwa kuwa mwanachama wa bodi". Ya Kiingereza ilisema jambo jingine: kwamba jina lake limepelekwa kwa wale watakaoamua. Mamake alikuwa ameshasomewa ile ya Kiswahili. Halwa ilishanunuliwa, majirani walishapelekewa visahani, na dadake aliyeolewa Malindi alishapiga simu mara mbili kuuliza sherehe ni lini.

Wiki chache baadaye jina lile lilikatwa. Waliolikata walikuwa na haki ya kulikata, na sina neno nao. Lakini yule mama alivunjwa moyo na kitenzi kimoja kilichoandikwa mahali pasipo pake, na tangu siku ile sijaweza kukisikia redioni bila kusimama nikijiuliza: hapa, nani amefanya nini?

Sikiliza taarifa za habari kwa wiki moja tu. Chama kikimpa mtu cheti cha kugombea, "kimemteua". Rais akipeleka Bungeni jina la anayemtaka awe waziri, "ameteua". Bunge likishaidhinisha na Rais akatia sahihi, "ameteua" tena. Mtu akipata useneta kupitia orodha ya chama bila kupigiwa kura, "ameteuliwa". Na aliyepigiwa kura na mamilioni ya watu, kabla ya kuapishwa, anaitwa Rais mteule. Kazi tano tofauti, kitenzi kimoja. Msikilizaji atajuaje ni wapi jambo limekwisha na ni wapi bado laweza kupinduka?

Kiswahili hakina upungufu hapa. Maneno tunayo, na kila moja lilizaliwa na kazi yake.

Tuanze na kupendekeza, kwa sababu ndilo lililopaswa kuwa katika barua ile. Livunje vipande. Mzizi ni pend-, ule wa kupenda. Ongeza -ek- upate pendeka, yaani kuwa katika hali ya kupendwa, kukubalika. Ongeza -ez-, kiambishi cha kufanyiza, kile kilichomo katika potea na poteza, tembea na tembeza. Hapo una pendekeza: kukifanya kitu kikubalike mbele ya watu. Anayependekeza jina hana amri juu yake. Kazi yake ni kulileta mezani na kuomba wengine walipende. Wakilipenda, vyema. Wasipolipenda, hakuna aliyenyang'anywa kitu, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kimetolewa.

Kitenzi hikihiki kina ndugu yake tunayemwogopa. Tia -ji- mbele: kujipendekeza. Mtu anayejipendekeza kwa tajiri au kwa mkubwa tunamjua, na hatumsifu. Vipande ni vilevile, kilichobadilika ni kwamba mtu anajifanyia mwenyewe kazi ambayo adabu inataka afanyiwe na mwenzake. Ndiyo maana katika mikutano yetu, ya msikiti, ya harusi, ya chama cha akina mama, mtu hasimami akasema "mimi nafaa". Husimama mwingine akasema "nampendekeza fulani", na wa tatu akasema "naunga mkono". Watu watatu wanahitajika ili jina moja lisimame. Nimeliona hilo tangu utotoni nikidhani ni utaratibu wa mikutano tu, kumbe limo ndani ya kitenzi chenyewe.

Sasa teua. Hapa yafaa kwanza kumtazama jirani yake, chagua, kwa sababu hapa pwani yetu chagua anatembea na majina matatu. Waswahili wa Unguja wanasema chagua. Wazee wetu hapa Lamu wanasema tagua. Ukienda Malindi ukaingia bara kidogo kwa Wagiriama, utasikia tsagula. Si bahati nasibu. Ni ule mfuatano wa sauti unaoufanya mchanga wa Unguja uwe mtanga wa Lamu na mutsanga wa Wagiriama. Ch, t, ts: sauti moja ya zamani iliyoangukia fukwe tatu.

Lakini angalia mwisho wa neno. Wagiriama wana l, sisi hatuna. Ile l tulikuwa nayo, ikamomonyoka kati ya irabu mbili, na bado imejificha. Ukinyambua kitenzi, hutoka: chagua, lakini chaguliwa na chagulia. Teua nayo vivyo hivyo: teuliwa, teulia. Na ukitaka nomino, l hiyo hugeuka z: uchaguzi, uteuzi, kama ilivyo katika nunua na ununuzi, pindua na mapinduzi, pokea na mapokezi. Mwanafunzi aliyewahi kuuliza "hii z ya uteuzi imetoka wapi?" ajue imetoka kwenye l ambayo bibi wa Kigiriama bado anaitamka kila siku akichagua maembe sokoni.

Basi chagua na teua vinatofautiana nini? Mimi nazijua tofauti zake kwa macho, kutoka jikoni kwa marehemu bibi yangu. Alikuwa akikaa kwenye kibao, uteo wa mchele mapajani, akichagua mchele. Kidole kinapita, kijiwe kinatolewa, punje nyeusi inatolewa, ganda linatolewa. Kuchagua kwake kulikuwa kutenga: kibaya huku, kizuri huku, na mwisho wa kazi karibu mchele wote ulikuwa umebaki. Lakini alipokwenda kununua samaki, alisimama juu ya fungu zima la changu, akawageuza mmoja mmoja, akatazama mashavu na macho, akamtoa mmoja. Hapo ndipo wenzake walipomwita mteuzi. Fungu zima likabaki, yeye akaenda na mmoja tu. (Kwetu ungo tunauita uteo, na wako wanaotaka kulifanya neno hilo mzazi wa teua. Sauti mbili kufanana hakuwafanyi watu kuwa ndugu, na mimi sijengi juu yake.)

Neno mteuzi, kabla halijavaa suti na kuingia katika taarifa za serikali, lilikuwa neno la sokoni na la mezani: mtu mwenye kuchambua sana, asiyeridhika upesi na chakula wala nguo. Methali inasema, "Mteuzi haishi tamaa." Nyingine, ya upande wa chagua, inasema, "Mchagua nazi hupata koroma." Wazee walioziweka hawakuwa wakifikiria kura. Walikuwa wakimfikiria mtu aliyesimama mbele ya vingi akiwa na uwezo wa kutwaa kimoja. Uwezo huo ndio kiini cha kuteua. Anayependekeza anaomba, anayeteua anatwaa.

Na yule anayetwaliwa? Huyo ni mteule, na hapa lugha imefanya jambo la kupendeza sana. Kiswahili kina njia mbili za kumzaa mtu kutoka katika kitenzi. Ukimaliza kwa -i, aghalabu unampata mtendaji: mshindi, mteuzi. Ukimaliza kwa -e, unampata aliyetendewa: mshinde ni aliyeshindwa, mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Mteule yumo katika safu hiyo. Hakufanya kitu, amefanyiwa. Kwa hiyo kila unapolisikia neno mteule, lazima nyuma yake pawe na mteuzi, kama nyuma ya mtume pana aliyetuma.

Hapa Lamu neno hilo tumelilea katika dini kabla ya siasa. Mustafa, jina ambalo huwezi kupita vichochoro vitatu bila kuwakuta wawili watatu wanaoitwa hivyo, maana yake ni mteule, tena mteule aliyetakaswa, kwani mzizi wake wa Kiarabu unahusu usafi. Mukhtari naye ni mteule, kutoka mzizi unaohusu kheri. Wakati wa Maulidi, watu wanapojaa Msikiti wa Riyadha mpaka nje, Mtume anasifiwa kwa majina hayo, na hakuna anayeuliza mteuzi ni nani. Linajulikana. Neno likatoka hapo likaingia katika siasa na uzito wake wote, na watu wakaendelea kulisikia kama jambo lililokwisha kuamuliwa na mwenye uwezo. Nadhani ndiyo sababu mama wa yule kijana hakusita hata kidogo kununua halwa.

Kiarabu kina njia nyingine ya kulisema jambo hili, na waliopita madrasa za juu hapa kisiwani wanaijua. Kitenzi cha kumpendekeza mgombea ni rashaha, kwa kukazwa ile shini. Leo kinasikika katika kila habari ya uchaguzi kutoka Cairo hadi Baghdad. Lakini katika kamusi za kale za Waarabu, rashaha ni kazi ya mama. Ni mama anayemtilia mtoto wake maziwa kidogo kidogo mdomoni mpaka apate nguvu ya kunyonya mwenyewe. Kutoka hapo wakasema mtu fulani "anarashihiwa" ufalme, yaani analelewa na kuandaliwa mpaka aweze kuubeba. Mzizi wake ni wa jasho, wa maji yanayopenya na kutona, na kutoka mzizi huohuo wana neno la chujio.

Chujio! Na sisi uchaguzi wa ndani ya vyama tunauita nini? Mchujo. Kura ya mchujo. Waarabu na Waswahili wameyafikia maji yaleyale kwa ndoo mbili. Sidai kwamba moja limezaa jingine, kwani kuchuja ni kitenzi chetu cha jikoni kabisa. Lakini picha ni moja, na aliyewahi kukamua tui anaijua. Nazi imekunwa kwa mbuzi, imetiwa maji, imewekwa katika kifumbu, inakamuliwa. Tui zito linatangulia, kisha tui jepesi, na chicha linabaki. Kuchuja hakuchagui kimoja kimoja kama bibi na samaki wake. Kunapitisha kila kitu mahali pamoja, penye matundu ya kadiri moja, na kinachopita kimepita. Ndiyo maana mchujo wa haki unahitaji kifumbu kimoja kwa wote. Wanachama wanapolalamika kwamba fulani kapewa "tiketi ya moja kwa moja", wanalosema ni kwamba tui lake halikupita katika kifumbu.

Warumi nao walikuwa na lao. Neno ambalo Wazungu wengi wanalitumia kwa kazi hii limetokana na jina: kupendekeza kwao ni kutaja jina, basi. Na mgombea walimwita kwa weupe, kwa sababu aliyetafuta cheo Rumi alivaa joho lililotiwa chokaa ling'ae. Picha hiyo naipenda kwa kuwa hapa kwetu anayekuja kuomba kura siku ya Ijumaa naye huja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mgombea wa Kiswahili, lakini, hana weupe ndani yake. Ametoka katika kugomba. Anagombea, yaani anagombana kwa ajili ya kitu. Labda ndilo neno la kweli kuliko yote.

Turudi kwenye sheria, maana ndiko barua ilikotoka. Katiba ya Kenya iliyoanza kutumika Agosti 2010 inazitenganisha hatua hizi vizuri, hata kama vinywa vyetu vinazichanganya. Anayetaka urais anahitaji kupendekezwa na wapiga kura wasiopungua 2,000 kutoka katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Piga hesabu: kaunti 24, watu 48,000 angalau. Hao 48,000 hawajamteua mtu. Wamelisogeza jina mbele, na bado nchi nzima haijasema neno.

Mawaziri ni hadithi nyingine, na ndiyo inayolingana na ya kijana wangu. Rais analeta majina, Bunge la Taifa linayachunguza, kisha, likikubali, Rais anateua. Ni hatua mbili za mtu mmoja zikiwa na mlango katikati, na mlango huo hufungwa kweli. Mwezi wa Agosti 2024, Bunge lilimkataa mmoja wa waliopendekezwa kuwa mawaziri. Magazeti yalikuwa yamemwita waziri mteule kwa siku nyingi. Kwa kipimo cha lugha hakuwahi kuwa mteule, kwa kuwa mkono wa kumtwaa ulikuwa bado haujanyoshwa. Alikuwa mpendekezwa. Neno hilo ni refu kidogo na halina mng'aro, lakini lina ukweli. Katika kaunti mambo ni hayohayo: gavana anapeleka majina ya wale anaotaka wawe mawaziri wake, na bunge la kaunti lina haki ya kusema hapana.

Kwa wabunge maalum ni uteuzi, lakini wa aina yake. Bunge la Taifa lina viti 12 vya namna hiyo, kwa ajili ya vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi. Seneti ina 20: wanawake 16, vijana wawili, watu wenye ulemavu wawili. Viti hivyo vinagawanywa kwa vyama kulingana na nguvu zao baada ya uchaguzi, na majina hutoka katika orodha ambazo vyama vilizipeleka mapema kwa tume ya uchaguzi. Kwa hiyo mteuzi ni nani hapo? Aliyeandika orodha. Majirani zetu wa Tanzania wako wazi zaidi kidogo: wapo wabunge wasiozidi 10 ambao Rais mwenyewe anawateua, na kila mtu anajua mkono ni wa nani.

Linabaki Rais mteule, ambalo wengi wananiuliza kama ni kosa. William Ruto aliitwa hivyo tangu alipotangazwa mshindi tarehe 15 Agosti 2022 mpaka alipoapishwa tarehe 13 Septemba. Hakuteuliwa na mtu, alichaguliwa. Sasa mbona mteule? Mimi silioni kuwa kosa. Kanuni ile ya -e inatuambia tumtafute mteuzi, na mteuzi hapa ni umma uliosimama mbele ya wagombea wanne, kama bibi mbele ya fungu la samaki, ukamtoa mmoja. Uamuzi umekwisha, kilichobaki ni kiapo. Hapo neno mteule limekaa mahali pake barabara kuliko linavyokaa kwa waziri ambaye bado hajapita Bungeni.

Kipimo ninachokitumia siku hizi ni kimoja. Naliuliza jina: je, yupo mtu ambaye bado anaweza kusema hapana? Akiwapo, limependekezwa. Asipokuwapo, mwenye jina ameteuliwa, na nataka kumjua aliyemteua. Barua ya kijana wangu ilisema "umeteuliwa" bila kumtaja mteuzi, na hilo peke yake lilitosha kututia shaka, lau tungeisoma polepole kabla ya halwa.

Juzi tulikuwa na kikao hapa mtaani. Ofisi moja iliomba wakazi watoe mtu wa kuingia katika kamati ya kusimamia mradi wa mfereji wa maji ya mvua. Mimi nilikuwa katibu. Mwenyekiti alifungua kwa kusema, "Leo tunamteua mwakilishi wetu," na watu wakaanza kulitaja jina moja tu, la mtu ambaye kweli anapendwa. Lilikuwa limekaribia kupigiwa makofi. Bi mmoja wa makamo ya bibi yangu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na buibui lake, akanyosha mkono.

"Mwanangu, yeo twatagua ama twapendekeza tu?"

Mwenyekiti akanitazama. Nikamsomea barua ya ofisi tangu juu, polepole. Mstari wa mwisho ulisema kwamba uamuzi utabaki kwao.

"Bi," akasema mwenyekiti, "twapendekeza. Wa kutagua ni wao."

"Basi andikani majina matatu, si moya."

Kikao kikachukua saa nyingine nzima. Jina la kwanza likaungwa mkono, la pili likabishaniwa hadi karibu na adhana ya magharibi, la tatu likatoka kwa mtu aliyekuwa amenyamaza muda wote. Katika daftari la kumbukumbu nilikuwa nimeshaandika "wakazi wamemteua". Nikapiga mstari, nikaandika juu yake "wakazi wamependekeza", na chini nikaongeza nafasi kwa ajili ya jina la ofisi na tarehe, ili atakayeteua naye atie sahihi yake.